Mizabibu ya Watawa na Divai Isiyoharakishwa

Juma hili tunawaalika tusafiri kwa fikra hadi Ufaransa, kwenye kilima kilicho juu ya mto Loire, karibu na mji wa Angers. Hapo lipo shamba la mizabibu lenye ukubwa wa hekta 7 hivi, liitwalo Coulée de Serrant. Kwa mapokeo ya shamba lenyewe, mizabibu ya kwanza ilipandwa hapo na watawa Wasisterisiani mwaka 1130, na tangu hapo kilima hicho kimeendelea kuzaa zabibu bila kukoma. Tukifika mwaka 2030, itakuwa imetimia miaka 900.

Msishangae kutuona tukizungumza habari za divai. Katika kila Misa, wakati wa kuandaa vipaji, Kanisa linamshukuru Mungu kwa kitu ambacho ni zao la mzabibu na papo hapo ni kazi ya wanadamu. Sheria ya Kanisa, katika kanuni namba 924, inadai divai hiyo iwe ya asili, itokane na mzabibu, wala isiwe imeharibika. Maagizo yaliyotolewa Roma mwaka 2004 yalitia mkazo uleule: iwe safi, isichanganywe na vitu vingine. Basi swali la divai kudumu pasipo kuharibika linatuhusu sisi kabla hata halijawahusu wanywaji wa mezani. Wengi wetu tunaijua divai ya Dodoma, ambako wamisionari wa Bihawana waliianza kazi hiyo, na ambako mizabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka. Kule Loire mambo ni mengine. Yapo majira ya baridi, mzabibu hupukutisha majani na kulala usingizi miezi kadhaa, na mavuno ni mara moja tu. Mwaka ukiharibika, umeharibika.

Tuanze na watawa. Abasia ya Cîteaux ilianzishwa mwaka 1098 na watu waliotaka kuurudia ukali wa Kanuni ya Mtakatifu Benedikto: sala, kimya na kazi ya mikono. Mtakatifu Benedikto mwenyewe, katika sura ya 40 ya Kanuni yake, anawaruhusu watawa kipimo kidogo cha divai kwa siku, kiitwacho hemina. Anaruhusu kwa shingo upande, maana aliona ni vigumu kuwashawishi watawa wa zama zake waiache kabisa. (Wenye kuisoma sura hiyo hawakosi kutabasamu.) Hivyo nyumba za watawa zilihitaji divai kwa ajili ya altare, kwa wageni, kwa wagonjwa, na kwa hicho kipimo cha kila siku. Wasisterisiani walitafuta miteremko yenye jua, wakaondoa mawe, wakajenga kuta, wakachunguza mwaka hata mwaka ni kona ipi ya shamba inayotoa zabibu bora. Huko Burgundy, shamba lao mashuhuri la Clos de Vougeot limezungukwa na ukuta hata leo. Kitu walichokuwa nacho ambacho mkulima wa kawaida hana ni hiki: nyumba ya watawa haifi. Ndugu aliyepanda mche akiaga dunia, ndugu mwingine anaukuta, anaupogoa, anaendelea pale alipoachia mwenzake. Maisha ya mtu mmoja hayatoshi kukijua kilima.

Coulée de Serrant iko katika kijiji cha Savennières, upande wa kaskazini wa mto. Shamba linatazama kusini, ambako kwa watu wa kule ndiko jua linakotoka kuwapashia joto, na sehemu zake nyingine ni mteremko mkali kiasi kwamba hulimwa kwa farasi. Udongo ni haba, umekaa juu ya mwamba wa shisti unaopasuka matabaka-matabaka, na mizizi hulazimika kupenya katika nyufa hizo kutafuta maji. Zabibu zinazopandwa ni aina moja tu, nyeupe, iitwayo chenin, ileile ambayo Afrika Kusini imeipanda kwa wingi kuliko aina nyingine yoyote. Ni zabibu yenye uchachu mwingi. Tutaurudia uchachu huo, kwa sababu ndio ufunguo wa habari hii yote.

Mahali jirani huitwa Roche-aux-Moines, yaani Mwamba wa Watawa, na jina hilo limeingia katika vitabu vya historia ya vita. Mwaka 1214 Mfalme Yohane wa Uingereza aliizingira ngome iliyokuwa hapo. Tarehe 2 Julai, aliposikia kwamba Louis, mwana wa mfalme wa Ufaransa, anakaribia na jeshi lake, aliuacha mzingiro akakimbia. Majuma machache baadaye washirika wake walishindwa huko Bouvines, na mwaka uliofuata mabaroni wa Uingereza wakamlazimisha kuutia muhuri mkataba uitwao Magna Carta. Wakati majeshi hayo yalipokuwa yakipita, mizabibu ya kilimani ilikuwa na miaka 84.

Baadaye shamba lilitoka mikononi mwa watawa, likawa mali ya walei, likachukua jina la mabwana wa Serrant. Hatuna budi kusema kwamba mizabibu ya leo si ile iliyopandwa na watawa. Katika nusu ya pili ya karne ya 19, mdudu mdogo aitwaye filoksera, aliyeingia kutoka Amerika, aliangamiza mizabibu ya Ufaransa karibu nchi nzima. Dawa iliyopatikana ilikuwa kupandikiza vikonyo vya Kifaransa juu ya mashina ya mizabibu ya Kimarekani, ambayo mizizi yake humstahimili mdudu huyo. Kilichodumu tangu mwaka 1130 ni kilima, mwamba wake, udongo wake, na desturi ya kuutunza.

Na udongo huo ndio uliokaribia kupotea, katika siku zetu wenyewe.

Mwanzoni mwa miaka ya 1960 shamba lilinunuliwa na familia ya Joly. Mama wa familia hiyo, Denise, ndiye aliyelisimamia kwa miaka mingi. Mwanaye Nicolas, aliyezaliwa mwaka 1945, alisomea biashara katika Chuo Kikuu cha Columbia huko New York, akafanya kazi benki huko New York na London. Mwaka 1977 aliiacha kazi hiyo akarudi nyumbani kwa mama yake. Yeye mwenyewe amesimulia mara nyingi yaliyofuata. Mshauri wa kilimo alimtembelea, akamweleza kwamba mama yake alilitunza shamba vema, ila kwa njia za kizamani. Sasa ni wakati wa kwenda na dunia. Akinyunyiza dawa za kuua magugu hatahitaji tena vibarua wa kupalilia, na ataokoa fedha nyingi. Kwa mtu aliyetoka benki, hesabu hiyo ilikuwa rahisi kueleweka. Akafuata ushauri.

Kwa muda wa miaka miwili hivi alianza kuona mambo yasiyoonekana katika hesabu. Rangi ya udongo ilibadilika. Wadudu walao wadudu waharibifu walitoweka, na kware waliokuwa wakikaa humo mashambani hawakuonekana tena. Wapendwa, tulitafakari jambo hili: kazi ya watu ya miaka 847, na misimu miwili ikatosha kuitikisa. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Mshauri alifundisha alichofundishwa, na dawa zilifanya kazi yake sawasawa kama zilivyoahidiwa. Mkulima yeyote wa kwetu aliyewahi kushauriwa hivyo anaielewa hali hiyo bila kuelezwa zaidi.

Ndipo Nicolas Joly alipokutana na kitabu kuhusu kilimo kiitwacho bayodinamiki. Asili ya kilimo hicho ni mihadhara minane iliyotolewa mwezi Juni mwaka 1924, majira ya Pentekoste, katika kijiji cha Koberwitz, ambacho leo kiko Poland. Mhadhiri alikuwa Rudolf Steiner, Mwaustria aliyezaliwa mwaka 1861. Wakulima walikuwa wamemlalamikia kwamba ardhi inachoka na mifugo inadhoofika, mbolea za viwandani zikiwa zimeanza kuenea. Steiner alifariki mwaka uliofuata, 1925, asione jinsi maneno yake yalivyopokewa. Joly alianza kwa kujaribu kipande kidogo, na kufikia mwaka 1984 shamba lote lilikuwa linalimwa kwa njia hiyo. Ilikuwa mapema, wakulima wa zabibu waliofanya hivyo nchini Ufaransa wakati huo walikuwa wachache mno, nao walichekwa.

Kilimo hicho kinafanyikaje? Sehemu yake ya kwanza ni ya kawaida kabisa, na babu zetu wangeitambua: hakuna dawa za kuua magugu, hakuna mbolea za viwandani, kuna mboji na samadi, kuna wanyama shambani, na magugu huondolewa kwa jembe. Sehemu ya pili ndiyo inayoshangaza. Samadi ya ng'ombe hujazwa ndani ya pembe la ng'ombe jike, ikafukiwa ardhini wakati wa vuli, ikafukuliwa majira ya kuchipua. Kiasi kidogo chake, kama gramu 100 kwa hekta, hukorogwa katika maji kwa saa nzima, mara kuelekea upande huu, mara upande ule, kisha hunyunyizwa ardhini. Dawa nyingine hutengenezwa kwa unga wa jiwe la kwatsi, nao hufukiwa ndani ya pembe wakati wa kiangazi na kunyunyizwa juu ya majani. Zipo pia za maua ya kamomili, za magome ya mwaloni, za majani yawashayo kama upupu, ambazo hutiwa ndani ya mboji. Kazi hupangwa kwa kufuata mwendo wa mwezi na sayari.

Hapa Mkatoliki ana haki ya kuuliza swali. Steiner alibatizwa Mkatoliki, lakini mafundisho yake aliyoyaita anthroposofia yalichipuka katika mazingira ya teosofia, na mwezi Julai mwaka 1919 Roma ilitamka wazi kwamba mafundisho ya teosofia hayapatani na imani yetu. Hakuna haja ya kulificha jambo hilo, wala ya kuogopa glasi ya divai kwa sababu yake. Kwa maoni yetu, mboji, farasi na jembe havikuanzishwa na Steiner. Watawa walikuwa navyo karne nane kabla yake. Kupanda na kupogoa kwa kufuata mwezi kunafahamika kwa wakulima wa makabila mengi, na wengi wao ni Wakristo waaminifu. Ila mtu akianza kusema kwamba wokovu wa roho unapita katika nguvu za sayari, hapo tunaachana naye njiani. Tunaweza kumshukuru mkulima kwa kuuponya udongo bila kuipokea falsafa yote aliyoikuta kitabuni.

Sayansi nayo imejaribu kutenganisha mambo hayo mawili. Huko Uswisi, tangu mwaka 1978, watafiti wamelima viwanja jirani kwa njia mbalimbali na kuvilinganisha. Matokeo ya miaka 21 yalitolewa mwaka 2002: viwanja vilivyolimwa bila kemikali za viwandani, vikiwamo vya bayodinamiki, vilitoa mazao pungufu kwa asilimia 20 hivi, lakini udongo wake ulikuwa na uhai mwingi zaidi, nao ulihitaji mbolea pungufu. Huko California, katika shamba la zabibu lililogawanywa sehemu mbili, moja ikilimwa kwa kilimo hai cha kawaida na nyingine ikiongezewa dawa za bayodinamiki, udongo wa pande zote mbili haukuonyesha tofauti kwa miaka 6 ya kwanza. Kwa hiyo uponyaji wa udongo tunauona. Kwamba pembe la ng'ombe ndilo linalouleta, hilo halijathibitishwa. Tuongeze pia kwamba wakulima hao wanaruhusiwa kupambana na ubwiri kwa salfa na shaba, na shaba ikizidi hujilimbikiza ardhini. Hakuna shamba lisilo na doa.

Lakini tulisema tutazungumzia kuzeeka kwa divai, na huko ndiko shamba linakojibu.

Divai nyingi zinazouzwa duniani leo hutengenezwa ili zinywewe ndani ya mwaka mmoja au miwili. Zikicheleweshwa, huchakaa. Kule Coulée de Serrant mavuno hufanywa kwa mikono, na wavunaji hupita katika mistari ileile mara kadhaa kwa muda wa majuma, wakichuma kila safari zile tu zilizoiva hasa, nyingine zikiwa zimekwisha kuguswa na kuvu ya botriti inayozikausha na kuikusanya sukari yake. Mzabibu mmoja hauachwi uzae sana. Maji ya zabibu huchachuka kwa hamira iliyokuja na zabibu zenyewe kutoka shambani, pasipo kuongezewa hamira ya dukani, ndani ya mapipa ya mwaloni ambayo karibu yote ni ya zamani, ili mbao zisiitawale ladha. Joly amekuwa akirudia hoja moja katika vitabu na mikutano yake: kazi ikifanywa vema shambani, ghalani hakuna kubwa la kufanya, na kazi ikiharibiwa shambani, ghalani hutengenezwa ladha badala ya divai. Unaweza kumkatalia mengi kuhusu sayari, lakini hapa ana neno.

Divai hiyo ikiwa changa ni ngumu. Ina kilevi kingi, mara nyingi asilimia 14 au 15, ina uchachu, na harufu yake imejifunga. Mtu akiifungua mapema anaweza kujiuliza sifa zote hizo zilitoka wapi. Ndani ya chupa, kupitia kizibo cha gome, hewa kidogo mno huingia mwaka hadi mwaka. Hewa hiyohiyo ambayo ikiwa nyingi huiua divai, ikiwa ya kadiri huifungua. Uchachu wa chenin huilinda isilegee, kama chumvi inavyomlinda samaki. Rangi hutoka kwenye manjano hafifu na kuelekea dhahabu iliyokolea. Harufu ya matunda mabichi hupungua, na mahali pake huja asali, nta ya nyuki, matofaa yaliyokaushwa, kitu kama lozi. Hayo hayaji kabla ya miaka mingi. Wapenzi wake husubiri miaka 10 au zaidi, na chupa za mavuno mazuri hudumu miongo kadhaa. Yule mkuu wa meza wa arusi ya Kana, aliyeshangaa kwamba divai njema imewekwa hata mwisho, labda angeelewana na watu hawa.

Je, kila chupa huzeeka vema? Hapana, na wanaoipenda ndio wanaogombana zaidi juu ya jambo hili. Zimekuwapo chupa zilizogeuka rangi mapema, zikatoa harufu ya tofaa lililokatwa na kuachwa mezani, dalili ya hewa iliyozidi. Wapo wajuzi walioandika kwamba mavuno kadhaa hayakufikia heshima ya shamba lenyewe, na kwamba mmiliki alijishughulisha mno na mahubiri ya mbinguni kuliko mapipa. Wapo wengine wanaojibu kwamba watu hawana subira, kwamba divai hii huonekana imekufa siku moja na siku nyingine ikafufuka. Kwetu sisi pande zote mbili zinaweza kuwa na haki. Anayepunguza vihifadhi na kuiachia hamira ya asili ifanye kazi amekubali kwamba chupa mbili za mwaka mmoja hazitafanana. Mwenye kiwanda halali usingizi kwa jambo kama hilo. Mtawa wa karne ya 12 asingeona ajabu.

Mwaka 2001 Joly alianzisha umoja wa wakulima wenye mwelekeo kama wake, na umoja huo umepata wanachama katika nchi nyingi. Binti yake, Virginie, amekwisha kuipokea kazi ya shamba na ya ghala. Farasi bado wanalima. Wale waliowacheka mwaka 1984 wamepungua, na baadhi yao sasa wana pembe zilizofukiwa katika mashamba yao wenyewe, hata katika maeneo ya kifahari ambayo zamani yasingetaka kusikia habari ya samadi.

Na kama kuna miongoni mwenu atakayejaliwa siku moja kukaribishwa chupa ya Coulée de Serrant, familia yenyewe ina shauri ambalo tunalipitisha kwenu. Isiwekwe katika barafu. Nyuzi 14 au 15 zatosha. Ifunguliwe siku moja kabla, imiminwe polepole katika jagi ili ivute hewa. Kisha isimalizwe usiku huohuo. Kiasi kibakizwe chupani, kionjwe kesho yake, na keshokutwa, hata juma zima likiwezekana, huku mkiangalia kama inapungua au inaongezeka. Divai iliyochoka itakuwa siki au maji kabla ya siku ya tatu. Ile yenye nguvu, siku ya tatu ndiyo huanza kusema.